Kiwanjani Alipelekwa na Nani?

Enzi zangu mechi ya shule ilianza saa mbili asubuhi, mezani. Nyavu bado hazijafungwa kwenye milingoti, refa bado anatafuta kipenga chake, lakini walimu wa michezo wameshapanga foleni mbele ya katibu wa zoni na mafaili yao: vyeti vya kuzaliwa, hati za matokeo ya darasa la nane, na ile karatasi ngumu iliyobandikwa picha za wachezaji. Kila picha imegongwa muhuri, nusu kwenye uso wa mtoto, nusu kwenye karatasi, isije ikabanduliwa na kubandikwa nyingine njiani. Chini kabisa pana sahihi ya mkuu wa shule. Anathibitisha kwamba wote hawa ni wanafunzi wake na kwamba umri wao ndio huo ulioandikwa.

Nyuma ya meza hiyo nilikaa mimi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Nilifundisha Kiswahili na netiboli katika shule za Kakamega, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka na soda ya mtu haikunibadilisha kauli, wenzangu walinichagua katibu wa michezo wa zoni, kisha wakanisahau hapo. Nilijifunza kusoma picha. Mtoto wa kidato cha pili hupigwa picha amekodoa macho, kola imekaa upande. Mtu mzima aliyevishwa sweta ya shule hutulia mbele ya kamera, kwa sababu si mara yake ya kwanza. Kitambulisho cha taifa alishachukua.

Kila fujo inapozuka kwenye michezo ya shule, redio na magazeti hutuletea orodha ile ile: utundu, bangi, simu, malezi mabaya, shinikizo la rika. Nimesimama katikati ya fujo hizo mara za kutosha, na orodha hiyo siikatai yote. Ninachoikatalia ni kwamba haina historia. Inamkuta kijana akiwa tayari ameshika jiwe, na haiulizi ni kina nani waliofika kiwanjani kabla yake.

Kandanda Magharibi mwa Kenya ililetwa na misheni, na tangu siku za mwanzo ilibeba mambo mengine mbali na mpira. Waquaker kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902. Wakatoliki wa Mill Hill wakashika Mumias na Mukumu. Waanglikana wa CMS wakafungua Maseno mwaka 1906, na baadaye Wakatoliki wakajenga shule yao Yala, si mbali na hapo. Kila misheni ilikuwa na mipaka yake, katekisimu yake, na punde si punde timu yake. Baba yangu alisoma katika shule ya misheni miaka ya 1940, naye alitusimulia jinsi padre wao, mtu mpole siku nyingine zote, alivyowakusanya kabla ya kwenda kucheza na Waprotestanti, akawaombea kwa sauti ya kupeleka jeshi vitani. Walipigana? Walipigana, alisema, lakini njiani wakirudi, kwa ngumi, wachezaji kwa wachezaji, maana hapakuwa na mtu mwingine. Timu ilikwenda kwa miguu: vijana, mwalimu wao, na mpira mmoja uliobebwa kwa zamu.

Walimu wa Kiingereza walikuwa na imani yao juu ya jambo hili. Carey Francis, mwanahisabati aliyeacha kazi Cambridge akaja Maseno mwaka 1928, kisha akaiongoza shule ya Alliance kuanzia 1940 hadi 1962, alikuwa mpenzi wa kandanda, na waliopita mikononi mwake wamesimulia sana ukali wake. Kwa walimu wa aina yake kiwanja kilikuwa darasa la tabia: kipenga kikilia unasimama, ukifungwa unampa mwenzako mkono, na refa huzozani naye. Ni funzo zuri, nami nimelifundisha. Ila lilitolewa katika koloni ambamo kijana Mwafrika hakuwa na pa kukata rufaa kwa jambo lolote, huku wavulana wa Kizungu wakiwa na shule yao ya Prince of Wales, iliyofunguliwa mwaka 1931 upande wa Kabete. Ni rahisi kumfundisha mtu asizozane na refa ikiwa hana wa kuzozana naye kokote kwingine.

Wanaoniambia kwamba zamani wanafunzi walikuwa na adabu, huwarudisha Maseno. Mwaka 1908, miaka 2 tu tangu shule ifunguliwe, wanafunzi waligoma kwa kukataa kazi za mikono. Kwa hiyo sina utoto wa dhahabu wa kuusimulia hapa. Kuna jambo moja tu la enzi hiyo ninalolitamani: mwalimu aliyekwenda na vijana wale aliwajua kwa majina ya nyumbani, na jino la mtu likivunjika aliyeulizwa alikuwa yeye.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 Kenya nzima ilikuwa na shule za sekondari 151 na wanafunzi 30,120. Leo shule ni zaidi ya 9,000. Katikati ya tarakimu hizo mbili kuna Harambee, na asiyeijua Harambee hatauelewa ugomvi wa shule. Shule ya Harambee ilijengwa na kijiji kwa shilingi, kwa mahindi, kwa matofali yaliyochomwa pale pale; daftari la michango lilisomwa hadharani siku ya Jumapili, na aliyetoa kidogo alijulikana. Ng'ambo ya mto kijiji kingine nacho kilijenga yake. Shule hizo hazikuwa na maabara, hazikuwa na maktaba, na matokeo ya mitihani yalikuwa ya kuinamisha kichwa. Zilikuwa na kiwanja. Kama kulikuwa na siku moja katika mwaka ambapo watu wa upande huu wangeweza kuona kwa macho yao kwamba michango yao haikupotea bure, ni siku timu yao ilipowafunga wale wa ng'ambo.

Kisha ukaja mwaka 1985. Watu huukumbuka kwa mfumo wa 8-4-4. Wachache hukumbuka kwamba ndio mwaka serikali ilipoagiza asilimia 85 ya nafasi za kidato cha kwanza zitolewe kwa watoto wa eneo lenyewe. Nia ilikuwa njema: eneo lililojenga shule lifaidi. Lakini mimi niliyekuwa nikisoma majina kwenye fomu niliona kilichotokea. Hapo awali fomu za shule kubwa zilikuwa na majina ya Kijaluo, Kikalenjin, Kikisii, hata Kimijikenda. Mwaka baada ya mwaka majina yakawa ya ukoo mmoja. Timu haikuwa tena ya wanafunzi waliokutana shuleni. Ilikuwa timu ya wana wa lokesheni fulani, dhidi ya wana wa lokesheni jirani, ambao baba zao tayari walikuwa na kesi ya mpaka mbele ya chifu.

Na huku kwetu hakuna ushindani usiokuwa na ngoma. Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa mwaka 2014 na UNESCO katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na ninafurahi, ingawa aliyewahi kulala karibu na bweni usiku wa kuamkia fainali hana wasiwasi kwamba itakufa leo. Ni ngoma tatu, kubwa hadi ndogo, na pembe. Hupigwa harusini, matangani, na zaidi ya yote mbele ya fahali anayepelekwa kupigana Malinya au Khayega: watu wanakimbia alfajiri pamoja na fahali wao, wamejitwika majani, wanamtukana fahali wa wenzao, mwenye fahali huyo, na mama yake mwenye fahali. Vijana wetu walilelewa humo. Walipoanza kubebwa kwenda kushangilia timu ya shule walikwenda na wanachokijua.

Nisieleweke vibaya, nilizipenda nyimbo hizo. Katika shule niliyoanzia kazi alikuwapo msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa na kipaji cha kutunga papo hapo. Beki wa wapinzani akikosa mpira, kabla hajainuka kutoka chini ameshawekwa kwenye beti. Waliimba maharagwe ya shule pinzani na wadudu wake, matokeo yao ya mtihani, gari bovu la mkuu wao. Na usisahau kwamba kwa shule za bweni hiyo ndiyo siku ya kuonana. Barua zilizoandikwa wiki nzima kwa kalamu ya rangi zilipitishwa nyuma ya vyoo. Mtoto wa watu alivaa sweta ya kuazima ili aonekane. Vijana waliokuwa wakiimba matusi saa nane walikuwa wakiombana anwani saa kumi. Nimeona mechi nyingi sana zikiisha hivyo, kwa kelele na vumbi tu, na hizo haziandikwi popote.

Green Commandos wa Kakamega, Scorpions wa Musingu, Solidarity wa St. Anthony's kule Kitale: majina haya yaliwatoa watu mashambani kwao siku ya kazi. Na hapo ndipo wakuu wa shule walipogundua jambo. Shule inayofika fainali za taifa inasikika redioni. Shule inayosikika redioni inajazwa na wazazi kwenye fomu za kuchagua shule. Mbunge anakuja na fahali wa kuchinjwa, na zilipoanza pesa za maendeleo ya maeneobunge mwaka 2003, akawa anakuja na ahadi ya basi. Mkuu aliyepata kombe hupandishwa kwenda shule kubwa zaidi. Aliyepata wastani mzuri wa Kiswahili, nazungumza kwa kujua, hupewa saa ya ukutani.

Tazama pia jinsi mashindano yenyewe yalivyopangwa. Wakati huo ngazi zilikuwa zoni, tarafa, wilaya, mkoa, taifa. Muda ni mfupi, pesa ni kidogo, hivyo ngazi za chini huchezwa kwa mtoano, na katika ngazi nyingi anayepanda ni mmoja. Timu inaweza kufanya mazoezi tangu Januari, ikafungwa bao moja la kuotea mwezi Juni, na mwaka ukawa umekwisha. Mwalimu wa michezo anayejua kwamba kila kitu kinategemea dakika hizo huanza kutafuta mtu wa kumhakikishia.

Mtu huyo ndiye mamluki. Kila shule ilikuwa na majina yasiyo na wenyewe: mtoto aliyeacha masomo kwa kukosa karo, aliyehama bila kuaga, aliyeolewa. Jina bado limo kwenye rejista, namba ya mtihani wa darasa la nane ipo, cheti kilibaki ofisini kwa sababu ya deni. Anatafutwa kijana anayecheza katika timu ya kiwanda cha sukari, au aliyemaliza kidato cha nne shule nyingine miaka miwili nyuma. Anapewa jina, sweta na kitanda. Picha yake inabandikwa. Muhuri unagongwa. Sahihi inatiwa.

Katikati ya miaka ya 1990 kulikuwa na fainali ya tarafa kwenye kiwanja cha shule ya msingi ambayo sitaitaja, kati ya shule mbili ambazo pia sitazitaja. Asubuhi hiyo nilimsimamisha mezani mchezaji wa jezi namba 9. Kidevu kilikuwa kimenyolewa siku hiyo hiyo na poda imepakwa juu ya vipele vya wembe. Nikamuuliza mwalimu wake wa darasa ni nani. Akamtazama mwalimu wa michezo. Nikamuuliza mwaka huo wanasoma kitabu gani cha fasihi. Akafikiri kidogo, akanijibu kwa heshima, "Kile cha kijani, Madam." Kitabu cha mwaka huo kilikuwa na jalada jekundu. Nililikata jina lake kwa kalamu nyekundu vile vile. Mwenyekiti wa kamati akaja, akasoma, akaandika juu ya mstari wangu: acheze, tutaangalia baadaye. Mwenyekiti wa kamati ya michezo siku zote alikuwa ni mkuu wa shule fulani. Kesi ya nyani tulikuwa tumempelekea ngedere.

Mashabiki wa upande wa pili hawakuhitaji faili. Baadhi yao walitoka kijiji kimoja na namba 9; msichana mmoja aliishi nyumba ya tatu kutoka kwake. Kufikia mwisho wa nusu ya kwanza walikuwa na wimbo unaomtaja mkewe. Watu wazima tulicheka. Malalamiko ya maandishi yaliletwa mapumzikoni, yakakataliwa kwa kuwa ada ya rufaa haikutimia. Wanafunzi waliona mwalimu wao akirudi na karatasi ile mkononi. Nadhani mechi iliharibikia hapo, na si dakika za mwisho kama ripoti ilivyosema, kona ilipopigwa na namba 9 akaruka juu ya watoto wote akafunga kwa kichwa.

Jiwe la kwanza sikuliona; baadaye kila mtu alidai aliliona. Kokoto za kujengea choo cha shule ya msingi zilikuwa zimemwagwa nyuma ya goli la kusini wiki hiyo. Ngoma kubwa ya isukuti ilichanwa kwa kisu. Vioo vya lori vikaenda. Askari wa utawala tuliopewa walikuwa wawili, na mmoja alikuwa ameitwa na chifu. Tulikimbiza wasichana wa netiboli ndani ya darasa la tatu, tukasukuma madawati mlangoni, nikamfunga kwa leso yangu mtoto wa kidato cha kwanza aliyepasuliwa juu ya nyusi. Damu ilikuwa inamwingia jichoni. Aliniuliza kama fainali yao itachezwa kabla ya giza.

Haikuchezwa. Fainali ya netiboli ya mwaka huo haikuchezwa kabisa. Timu ya kupanda wilayani ilipatikana kwa kurusha sarafu ofisini. Katika ripoti zote nilizowahi kuziona kuhusu fujo za michezo ya wavulana, sijaona mahali palipoandikwa wasichana walipoteza nini.

Jumatatu wakuu wawili walileta barua zao, ndefu, za taipu. Kila mmoja alieleza nidhamu ya shule yake na uhuni wa mwenzake. Nilizisoma mara mbili nikitafuta namba 9. Hakutajwa. Wa shule iliyoshinda alikuwa na sababu ya wazi ya kunyamaza. Wa shule iliyoshindwa alikuwa na sababu hiyo hiyo: katika kikosi chake nilikuwa nimekata majina mawili, nayo yalirudishwa kwa mwandiko ule ule wa mwenyekiti. Walikubaliana, bila ya kuambiana neno, kwamba kosa ni la wanafunzi.

Wavulana kadhaa walisimamishwa masomo. Mmoja alikuwa wa kidato cha pili, alitambuliwa kwa sweta iliyotoboka kiwiko. Shule yake ilimwita mzazi, nami niliitwa kama shahidi. Mama alikuja kwa miguu, akaketi ukingoni mwa kiti, akasikiliza yote. Aliambiwa mwanawe atakaa nyumbani wiki mbili na kwamba atachangia kioo cha lori. Akafungua fundo la leso, akatoa stakabadhi, akaiweka mezani. Ilikuwa ya shilingi 20, imeandikwa michezo. Ndiyo pesa ambazo shule iliwatoza waliokwenda kushangilia.

"Mwalimu, mimi nilimleta kusoma," alisema. "Kiwanjani alipelekwa na nani?"

Mkuu wa shule akamweleza kwa upole kwamba shule ina wanafunzi wengi na haiwezi kumchunga kila mtoto.

"Lakini mlipompandisha lori mlimhesabu."

Hakujibiwa. Kioo alikilipa, kwa awamu.

Miaka michache kabla ya hapo nchi ilikuwa imepata onyo ambalo hakuna aliyehitaji jingine. Tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya mseto ya St. Kizito kule Tigania, Meru, wavulana waliitisha mgomo. Sababu iliyotajwa ni kwamba shule haikulipa ada na kwa hiyo timu yao ikakosa mashindano ya riadha. Wasichana walikataa kujiunga nao. Usiku wavulana wakavamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa, wengi kwa kukanyagana na kukosa hewa, na iliripotiwa kwamba 71 walibakwa. Sitasema eti ada ya riadha ndiyo iliyowaua watoto wale. Aliyefanya unyama ni aliyeufanya, na kuna umri ambao mtu hujua. Lakini kumbuka maneno yaliyoripotiwa kutoka kwa naibu wa mkuu wa shule mwenyewe, mwanamke kama mimi, mwalimu kama mimi: kwamba wavulana hawakuwa na nia mbaya, walitaka kubaka tu. Watu wazima waliokuwa na mamlaka juu ya watoto wale ndio waliokuwa wameshaizoea hali hiyo hata ikawa na jina la kawaida.

Rais Moi aliunda kamati, ikaongozwa na Lawrence Sagini. Baada ya moto wa shule ya Kyanguli mwaka 2001, ulioua wavulana 67, likaja jopo la Naomi Wangai. Mwaka 2008 kamati ya bunge. Mwaka 2016, shule zaidi ya 100 zilipochomwa, jopo la Claire Omollo. Wamefanya kazi, sibezi. Kiboko kilipigwa marufuku mwaka 2001, na ushauri nasaha ukapata ofisi, walau kwenye karatasi. Ila ukikaa ngazi ya zoni unaona kinachoshuka hadi chini: barua inayosema mwalimu asimpige mtoto, nyingine inayosema mabasi yasisafiri usiku, nyingine inayosema mashabiki wasibebwe. Barua inayosema mkuu wa shule aliyetia sahihi jina la uongo atafanywa nini, mimi sikuipokea. Adhabu ya mamluki ilikuwa shule kufungiwa, mwaka mmoja au miwili. Yaani watoto ambao hawakutia sahihi popote wanakaa nje, na mkuu ameshahamishwa.

Siku hizi kuna mfumo wa kompyuta na kila mwanafunzi ana namba yake. Walionirithi mezani wanabonyeza simu wanaona jina. Umri wa mchezaji umebanwa. Mabasi ni ya njano. Zawadi nazo zimekua: mshindi wa taifa huenda michezo ya Afrika Mashariki, iliyofanyika Huye, Rwanda, mwaka 2023 na Mbale, Uganda, mwaka 2024. Mtu akitaka sana, namba ya kompyuta nayo huazimwa kama jina lilivyoazimwa, kwa sababu anayeiingiza ni shule yenyewe. Mwalimu kijana wa zoni yetu aliniuliza kama ni sahihi kuzizuia ngoma zisiingie kiwanjani. Nilimwambia aziache ngoma, azisome zinachoimba. Wale watoto wa mwaka ule waliimba jina, kijiji na mke wa mtu, saa nzima kabla ya jiwe, mbele ya kamati nzima iliyoketi kwenye kivuli.

Namba 9 nilimwona tena baadaye sana, sokoni, ana duka la vipuri vya baiskeli. Alinitambua yeye kwanza. Hakuwa na kinyongo, akanipa kiti. Aliahidiwa kwamba akicheza mwaka mmoja ataruhusiwa kurudia kidato cha nne bila karo. Alikuwa amefeli mara ya kwanza, na alitaka ualimu. Muhula mzima aliitikia jina la mtu asubuhi na jioni. Alilala bwenini na watoto waliomwita mjomba kwa siri. Timu ilipotolewa wilayani aliambiwa afungashe usiku.

Nikamuuliza kama aliwahi kumjua mwenye jina. Alimjua, walikutana. Yule kijana alikuwa ameacha shule kidato cha pili kwa kukosa karo, akaenda kuvunja mawe, akajikusanyia, akarudi mwaka uliofuata kuomba nafasi yake. Karani alifungua rejista, akaona jina lake limetiwa alama ya kuhudhuria kila siku ya muhula wa pili. Akamwandikia deni la karo ya muhula huo, na chakula.